Mapafu Yaliyo Nje ya Mwili

Leo twataka kueleza habari ya mtambo uitwao mapafu ya bandia. Mtambo huu huwasaidia wagonjwa ambao mapafu yao yameshindwa kwa sababu ya virusi vikali, kama vile virusi vya UVIKO-19, maradhi yaliyogunduliwa Tanzania mwezi wa Machi 2020.

Kwanza yafaa tujue kazi ya mapafu. Ndani yake mna vifuko vya hewa vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni, na kila kimoja kimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Damu ipitapo hapo hutua hewa chafu, huchukua oksijeni, na kuieneza mwilini mwote. Virusi vikizidi, vifuko huvimba na kujaa majimaji. Mgonjwa hupumua kwa nguvu, lakini oksijeni haifiki katika damu.

Wenyeji wa bonde la Kilombero watafahamu upesi. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa rasmi mwaka 2018, watu waliotoka Ifakara kwenda upande wa Ulanga walivuka kwa kivuko. Basi tufanye damu kuwa mtumbwi, na oksijeni kuwa shehena ingojayo gatini. Mto ukifurika na kulifunika gati, shehena ipo na mtumbwi upo, lakini pa kupakilia hapana. Mwenye akili ataupeleka mtumbwi kwenye gati jingine mpaka maji yapungue. Hiyo ndiyo kazi ya mapafu ya bandia.

Madaktari hutia mpira mnene katika mshipa mkubwa wa paja, na damu huvutwa nje kwa pampu. Hupitishwa penye utando mwembamba sana: upande mmoja damu, upande wa pili oksijeni. Oksijeni huingia katika damu, hewa chafu hutoka, kisha damu hutiwa joto na kurudishwa mwilini, mara nyingi kwa mshipa wa shingo. Haya huendelea usiku na mchana, siku nyingi, pengine majuma, na wauguzi hawaondoki.

Asili yake ni mtambo wa moyo na mapafu, ambao daktari John Gibbon wa Philadelphia, Marekani, aliutumia kwa mafanikio mwaka 1953 katika kupasua moyo. Mitambo ya namna hiyo hutumika hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kwa muda wa saa chache za upasuaji. Kuutumia siku nyingi kwa ajili ya mapafu ni kazi nyingine, na hata nchi tajiri huiweka katika hospitali chache tu.

Tena mtambo huu hauponyi. Hauui virusi, wala haukaushi majimaji. Huazima siku tu, ili mwili upate nafasi ya kujitengeneza. Hatari zake ni kubwa: mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, na kwa hiyo aweza kutokwa na damu, hata ndani ya ubongo. Taarifa ya mwaka 2020 juu ya wagonjwa 1,035 wa UVIKO-19 katika nchi 36 ilionyesha kwamba kama 37 katika kila 100 walikufa kabla ya siku 90.

Kwa hiyo tuufikirie mtambo huu kuwa kipandio cha mwisho cha ngazi. Cha kwanza ni oksijeni itiwayo puani. Cha pili ni mashine ya kusukuma pumzi, na mgonjwa mahututi kulazwa kifudifudi ili mapafu yafunguke. Wengi hupona katika kipandio cha kwanza, wakiwahi kufika.

Lakini wako wasemao kwamba mtu akiwekewa oksijeni amekwisha. Neno hili laua watu. Wamewaona wagonjwa walioletwa wakati umepita, wakailaumu oksijeni. Ni kama kumwambia aliyekuja kuzima moto kwamba ndiye aliyechoma nyumba. Penye kipimo kidogo kibanwacho kidoleni, mganga huweza kujua kiasi cha oksijeni katika damu bila kumchoma mtu sindano. Kikishuka chini ya 90 katika 100, oksijeni yahitajiwa, wala haifai kungoja.

Nyumbani, zitazameni dalili hizi: mgonjwa apumua mbio, nyama za chini ya mbavu zabonyea avutapo pumzi, midomo yageuka rangi, hawezi kunywa, au amelegea na kusinzia. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano mwenye kikohozi, akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika ilhali ametulia, apelekwe kituo cha afya, na akiwa na mojawapo ya dalili nyingine apelekwe hospitali pasipo kukawia. Wakati wa masika, njia za mashambani zijaapo maji, safari ianze mapema zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.