Bushi Hazizunguki: Namna ya Kuzibadilisha Nyumbani Zikadumu

Gari likigonga "ko" kila linapovuka tuta, mshitakiwa wa kwanza huwa shokapu. Mwenye gari hununua mbili, hulipa ufundi, na wiki inayofuata mlio uko palepale. Kwa gari lenye umri, chanzo mara nyingi kiko chini zaidi, kwenye vipande vya mpira vinavyoshikanisha mkono wa chini wa gurudumu na fremu. Hizo ndizo bushi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na shokapu, na mtu mwenye vifaa vya kawaida na subira anaweza kuzibadilisha uani kwake. Lakini bushi mpya zinazofungwa vibaya hufa mapema, na makosa mengi yanayoziua yana chanzo kimoja: mfungaji hajui bushi inafanya kazi vipi.

Itazame bushi moja mkononi. Nje kuna bomba fupi la chuma, ndani kuna bomba jingine jembamba, na katikati kuna mpira ulioshikamana na vyuma vyote viwili tangu kiwandani. Bomba la nje hubanwa ndani ya tundu la mkono. Bomba la ndani hubanwa na bolti kwenye fremu kwa nguvu kubwa kiasi kwamba halisogei hata kidogo. Gurudumu linapopanda na kushuka, hakuna chuma kinachozunguka juu ya chuma. Mpira ndio unaojisokota, kisha unarudi. Kwa hiyo bushi si beringi. Haizunguki, haihitaji grisi, na ina mahali pake pa kupumzikia ambapo mpira haujasokotwa upande wowote. Ukiwa na maarifa hayo, kila hatua ya kazi hii inajieleza yenyewe.

Kwa nini zinachoka

Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto na hewa huukausha, nao huota nyufa. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba hata lile tunaloliita jipya linaposhuka bandarini Mombasa, linaweza kuwa na bushi za miaka 7. Likikaa nawe miaka mingine 10 kwenye mashimo na barabara za vumbi, usishangae mpira ukiachana na chuma.

Adui mwingine ni mafuta. Injini inayovuja oili juu ya mkono wa chini huifanya bushi ivimbe na kulainika. Tabia ya kuosha sehemu za chini za gari kwa dizeli au petroli hufanya vivyo hivyo. Chuma kinang'aa, mpira unaoza. Kabla ya kununua bushi mpya, ziba kwanza uvujaji.

Kuitambua iliyokufa

Dalili hutegemea bushi ipi imechoka. Chukua Toyota Corolla za miaka ya 2000, ambazo zimejaa barabarani kwetu. Mbele zina shokapu iliyosimama ndani ya springi, na chini kuna mkono mmoja kila upande wenye bushi mbili. Ya mbele ni ndogo na ngumu, nayo ndiyo hushika gurudumu lisiende kushoto wala kulia. Ya nyuma ni kubwa na laini zaidi, nayo hupokea msukumo wa kwenda mbele na kurudi nyuma. Ya nyuma ikifa, utasikia mlio mmoja unapokanyaga breki na mwingine unapoondoka, na gari huvuta upande mmoja wakati wa kusimama. Ya mbele ikifa, gari huyumba kwenye barabara iliyonyooka, usukani hautulii, na tairi huliwa upande mmoja.

Usihukumu kwa macho pekee. Nyufa ndogo juu ya mpira ni uzee tu, hazijawa kifo. Ingiza mtarimbo kati ya mkono na fremu, kisha sukuma taratibu. Mpira mzima hukubali kidogo na kurudi. Uliokufa huacha nafasi inayoonekana kati yake na chuma, au bomba la ndani huwa limehama katikati. Angalia pia boljointi na linki za stabilaiza, kwa sababu milio yao hufanana sana na wa bushi. Na hapo hapo amua: ikiwa boljointi imeshikamana na mkono na nayo imelegea, au mkono wenyewe umeliwa na kutu, nunua mkono mzima ukiwa na bushi zake. Utaokoa nusu ya kazi.

Ununue ipi

Bushi ya mpira yenye vyuma viwili, ya kiwanda au ya mtengenezaji anayeaminika, inamfaa dereva wa kawaida. Zipo za poliyurethani, plastiki ngumu ya rangi nyekundu, bluu au njano. Hizo hazikushikamana na bomba la ndani. Huzunguka juu yake, kwa hiyo hutaka grisi ya silikoni. Hudumu na hulishika gari imara, lakini hupitisha mtikisiko na kelele zaidi ndani.

Halafu kuna bushi za kuchongesha, kwa mpira wa tairi kuukuu au kwa nailoni. Zinakuwezesha kufika nyumbani kama umekwama njiani. Kwa matumizi ya kila siku, mpira usioshikamana na chuma huanza kucheza mapema, na mlio ule ule hurudi.

Nunua kwa pande mbili, kushoto na kulia. Mpira mpya upande mmoja na mkongwe upande wa pili hulifanya gari lisiwe na mwendo mmoja kwenye breki.

Kuuvua mkono

Jioni ya siku moja kabla, nyunyiza mafuta ya kulegezea kutu kwenye kila nati. Asubuhi, gari likiwa limesimama kwa tairi zake kwenye sakafu tambarare, fanya jambo ambalo wengi hulisahau: pima kwa tepu umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda juu yake, kila upande, na uandike. Kipimo hicho utakihitaji mwishoni.

Zuia tairi za nyuma kwa magogo, vuta breki ya mkono, legeza nati za tairi, kisha inua. Gari likae juu ya stendi za chuma zilizowekwa pale kitabu cha gari kinapoelekeza. Jeki ni ya kuinulia tu. Matofali na mawe hupasuka bila kuonya, na bila stendi kazi hii isianze.

Vua tairi. Fungua linki ya stabilaiza kama imefungwa kwenye mkono, kisha tenganisha boljointi. Kwenye Corolla hizi boljointi imefungwa kwa bolti moja na nati mbili, hivyo huna haja ya kuipiga nyundo. Springi na shokapu usiziguse kabisa. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, na kazi hii haihitaji uifungue. Gurudumu likishaachana na mkono, lifunge kwa waya lisivutike nje, maana shafti inaweza kuchomoka kwenye giaboksi na bomba la breki likanyooka kupita kiasi.

Mwisho ondoa bolti za mkono. Kwenye baadhi ya magari ya giaboksi ya otomatiki, bolti ya mbele ya upande wa kushoto hugonga giaboksi kabla haijatoka yote, na hapo fremu ndogo ya mbele hushushwa kidogo. Chungulia kabla hujaanza. Ukiona nafasi haitoshi, peleka kazi hiyo gereji.

Kutoa na kuingiza

Mwenye presi karibu amepata. Mpelekee fundi mkono na bushi mpya, kazi huisha kwa muda mfupi. Asiye nayo atatumia bolti ndefu ya chuma kigumu, washa nene, soketi inayolingana na bomba la nje la bushi, na kipande cha bomba pana cha kuipokea inapotoka. Ukikaza nati, bushi husogea.

Iliyogoma itobolewe mpira wake kwa dreli, kisha bomba la nje likatwe kwa msumeno wa chuma kwa urefu wake, taratibu, bila kuukwaruza mkono. Likipata upenyo hulegea. Usiichome moto. Moshi wa mpira ni sumu, na joto hudhoofisha mkono.

Kabla ya kutoa bushi kuukuu, chora alama inayoonyesha imekaaje. Bushi ya nyuma mara nyingi ina matundu yaliyoachwa makusudi ndani ya mpira, ili iwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Ukiigeuza, umebadilisha tabia ya gari. Pima pia imezama kiasi gani kwenye tundu.

Safisha tundu kwa brashi ya waya na msasa. Bushi mpya ikilazwa kwenye friza usiku kucha hupungua kidogo sana, nayo hukubali kwa urahisi zaidi. Kilainishi kiwe maji ya sabuni. Grisi na oili huula mpira. Soketi isukume bomba la nje pekee. Ukisukuma la ndani au mpira wenyewe, utauchana kabla gari halijatembea mita moja.

Siri iko kwenye kukaza

Rudisha mkono, ingiza bolti zote, kaza boljointi sawasawa, lakini bolti za bushi zikazwe kwa vidole tu. Hapa ndipo bushi nyingi mpya huuawa, hata gereji.

Gari likiwa juu ya stendi, gurudumu huning'inia, pengine sentimita 8 hadi 10 chini ya mahali pake. Kwa mkono wenye urefu wa sentimita 35, hizo ni nyuzi 15 hivi. Ukikaza bolti hapo, umeufundisha mpira kwamba hapo ndipo pa kupumzikia. Ukishusha gari, unabaki umesokotwa nyuzi 15 kama nguo inayokamuliwa, mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta linaongeza juu ya msokoto huo. Bushi ya kudumu miaka huchanika ndani ya miezi, na lawama hubebeshwa duka.

Dawa ni kukaza gari likiwa na uzito wake. Weka jeki chini ya kitovu cha gurudumu, uinue taratibu hadi umbali wa katikati ya gurudumu na fenda ulingane na kile kipimo ulichoandika asubuhi, huku stendi ikibaki chini ya gari kwa usalama. Au rudisha tairi, shusha gari juu ya mbao nne nene zinazokupa nafasi ya kuingiza mkono wako, litikise mara kadhaa litulie, kisha kaza. Tumia spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Bolti hizi mara nyingi hutaka zaidi ya newtonimita 100, nguvu ambayo spana fupi haiifikii. Nati za kujifunga zenyewe zisitumike mara ya pili.

Zunguka mtaani polepole, jaribu breki mahali salama, sikiliza. Kisha nenda moja kwa moja ukapigiwe alaimenti, kwa sababu bushi mpya zimerudisha magurudumu mahali tofauti na yalipozoea. Baada ya kilomita 100 hivi, kagua bolti tena.

Na kama hutaki kuchafua mikono, peleka kwa fundi, ila umuulize swali moja kabla hajaanza: "Bolti za bushi utazikaza gari likiwa juu au likiwa chini?" Akijibu juu, tafuta mwingine.