Wafu Waliorudi na Madai Yao

Treni inakatiza nyika ya Ureno mchana wa jua kali. Msichana aitwaye Virginia, aliyeudhika kwa kumwona mwanamume waliyeandamana naye akijipendekeza kwa mwanamke mwingine, anatupa mizigo yake nje kisha anaruka mwenyewe. Hakuna kituo pale. Kilichopo ni magofu ya nyumba ya watawa iliyohamwa zamani, na jioni inapoingia anatandika malazi yake humo, na redio ndogo ndiyo mwenzake wa pekee. Usiku kengele inalia bila mpigaji. Mawe ya makaburi yanasogea. Wanaotoka ni mifupa iliyovaa majoho yaliyooza, yenye vindevu vilivyosalia kwenye taya na matundu matupu mahali pa macho. Hawakimbii. Wanatulia, wanasikiliza.

Hiyo ni filamu ya Kihispania *La noche del terror ciego*, yaani usiku wa hofu isiyo na macho, ya mwaka 1972. Mwongozaji wake, Amando de Ossorio, alizaliwa mwaka 1918 mjini A Coruña, katika jimbo la Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Huko ndiko wazee husimulia habari za Santa Compaña, msafara wa roho za marehemu unaopita njiani usiku ukitanguliwa na mtu aliye hai aliyebeba msalaba. Ossorio alitengeneza filamu nne za wafu hao wasioona, moja kila mwaka hadi 1975.

Mtazamaji aliyezoea mizuka ya Kimarekani atashangaa. Mwaka 1968 George Romero alitoa *Night of the Living Dead*, na wafu wake hawana jina wala kumbukumbu. Humla yeyote aliye karibu. Ulaya ilikuwa na njia yake. Katika filamu nyingi za kutisha zilizotengenezwa huko miaka ya 1960 na 1970, maiti huamka akiwa na kesi. Alinyongwa, alichomwa moto au alidhulumiwa, naye anarudi kwa aliyemtenda au kwa kizazi chake. Mwitaliano Mario Bava aliweka msingi mwaka 1960 kwa *La maschera del demonio*: mchawi Asa anapigiliwa usoni kinyago chenye misumari, kwa hukumu ya kaka yake wa damu, na kabla ya nyundo kushuka anauapiza ukoo mzima. Karne mbili baadaye damu inamdondokea na kumwamsha. Uingereza iliizuia filamu hiyo hadi 1968. Dawa ya deni ni kulipa, na katika sinema hizi kufa kwa mdai hakufuti deni.

Ossorio alikwenda kutafuta wadai wake katika historia. Watemplari walikuwa watawa-askari, chama kilichoanzishwa Yerusalemu mnamo 1119 ili kuwalinda mahujaji wa Kikristo. Walitajirika, wakakopesha wafalme, na utajiri huo ukawaponza. Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba 1307 Mfalme Philip IV wa Ufaransa aliwakamata kwa mkupuo mmoja, kwa mashtaka ya kufuru na ibada ya sanamu. Papa Clement V alikivunja chama mwaka 1312. Machi 1314 mkuu wao wa mwisho, Jacques de Molay, alichomwa moto jijini Paris, na masimulizi yanasema kwamba akiwa ndani ya miali aliwaita papa na mfalme wakutane naye mbele ya Mungu kabla mwaka haujapita. Laana hiyo huenda ilitungwa baadaye. Vifo havikutungwa: Clement alifariki mwezi uliofuata, Philip mwezi Novemba mwaka huohuo.

Kisa kama hicho mtengenezaji wa sinema ya kisasi hawezi kukiacha kipite. Lakini Ossorio alikigeuza, na mgeuzo huo ndio unaozipa filamu zake uzito. Watemplari wake hawakuonewa. Walirudi kutoka Mashariki na uchawi wa Misri, wakawa wanatoa kafara wasichana na kunywa damu yao ili wasife. Wakanyongwa, wakaachwa wananing'inia hadi kunguru wakawadonoa macho. Kwa hiyo anayerudi kudai ndiye mkosaji. Anajiona aliyedhulumiwa, ana hasira ya mtu mwenye haki, na mikono yake imejaa damu ya watu wengine.

Hofu yenyewe imejengwa kwa ufundi mwepesi ambao bado haujapitwa. Wafu hawa huwinda kwa masikio, hivyo mtu akijificha gizani hajapata usalama. Usalama ni ukimya, na ukimya wa mtu aliyeshikwa na hofu ni mgumu kuliko mbio. Hata mapigo ya moyo yanaweza kumfichua. Mtazamaji naye hujikuta amebana pumzi kwenye kiti chake.

Halafu kuna farasi. Watemplari wanapanda farasi waliofunikwa matambara, na kila wanapotokea, mwendo unapunguzwa. Siri yake ni kwamba kamera hupiga picha nyingi kuliko zile 24 za kawaida kwa sekunde, kisha mkanda huonyeshwa kwa kasi yake ya siku zote. Kwato zinaonekana kama zinaelea, vumbi linapanda taratibu, na mtu anayekimbia kwa miguu yake bado anafikiwa, kama katika ndoto mbaya. Baadhi ya picha hizo za usiku zilipigwa mchana kisha zikatiwa weusi, na jicho kali litaviona vivuli vya jua. Muziki wa Antón García Abril unamalizia kazi: sauti za watu zinazofanana na nyimbo za watawa, lakini zilizopindwa mpaka haijulikani kama ni sala au ni maombolezo.

Kwa nini Ureno, wakati mwongozaji ni Mhispania na sehemu ya magofu yale iko Pelayos de la Presa, karibu na Madrid? Filamu ilitengenezwa kwa ushirikiano wa nchi hizo mbili. Lakini yapo pia mambo ya udhibiti. Chini ya Francisco Franco, wakaguzi wa filamu hawakupenda kuona majini na wauaji wakizaliwa katika ardhi ya Hispania. Mwigizaji Paul Naschy alipoandika kisa cha mtu-mbwamwitu, kilichotolewa kama filamu mwaka 1968, ilimbidi mhusika wake awe Mpolandi, na ndivyo alivyozaliwa Waldemar Daninsky. Uovu ulipewa pasipoti ya kigeni ndipo ukaruhusiwa kuonekana.

Hapo ndipo wachambuzi wengi wamesoma zaidi ya mifupa. Utawala wa Franco ulioshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1939 uliviita vita hivyo Vita vya Msalaba. Sasa tazama sinema ya mwaka 1972: wazee wa Vita vya Msalaba, vipofu, wamekwisha kuoza, wanatoka makaburini kuwawinda vijana waliovaa nguo za kisasa, na wanawatambua kwa sauti zao. Hata bila Ossorio kutamka lolote, watazamaji wa Madrid walikuwa na macho. Usomaji huo una nguvu, ila ukichukuliwa peke yake unapunja, kwa sababu filamu ya pili haiwaachi walio hai wajione safi.

Filamu hiyo, *El ataque de los muertos sin ojos* ya 1973, ndiyo bora kuliko zote nne. Kijiji kinaadhimisha miaka 500 tangu wanakijiji walipowakamata Watemplari, na safari hii macho hayakuliwa na kunguru: yalichomwa kwa mienge. Kwa hiyo sherehe ni ya mauaji. Ameajiriwa mtaalamu wa fataki, kuna ngoma na pombe, watoto wanachoma sanamu za watawa. Watoto haohao wanampiga mawe Murdo, mlemavu anayelinda magofu. Murdo ndiye anayemwaga damu ya msichana juu ya makaburi ili wafu waamke. Kisasi cha kale na kisasi cha asubuhi ileile vinashikana mikono, na mtazamaji aliyeona mawe yakirushwa hawezi kujifanya haelewi.

Kinachofuata ni uchunguzi wa uongozi uliooza. Meya anampigia simu mkubwa wake kuomba msaada, naye hamwamini. Watu wachache wanajifungia kanisani, na meya, akitaka njia ya kulifikia gari, anamtumia mtoto mdogo wa kike kama chambo. Ni dakika chache tu, hakuna damu, na hakuna upanga wa Mtemplari unaotisha kama sauti ile ya upole anayotumia kumdanganya mtoto.

Filamu ya tatu, yenye jahazi la kale linaloelea kwenye ukungu, inaangushwa na jahazi lenyewe, ambalo ni kisanamu kidogo na linaonekana hivyo. Mwisho wake tu, wafu wakitoka baharini kwa miguu hadi ufukweni, ndio unaokaa kichwani. Ya nne ina huzuni zaidi: kijiji cha pwani kinachotoa wasichana saba kila baada ya miaka saba, na wanakijiji wote wanajua na wamenyamaza.

Waingereza walikuwa wamelishika suala la dhuluma kwa namna nyingine. Katika *The Plague of the Zombies* ya kampuni ya Hammer, iliyoongozwa na John Gilling mwaka 1966, bwanyenye wa Cornwall aliyejifunza uchawi Haiti anawaua wanakijiji wake, kisha anawafufua wafanye kazi katika mgodi wake wa bati. Hawali chakula, hawadai mshahara. Mtanzania hahitaji kufafanuliwa: ni msukule, marehemu anayeaminiwa kuchukuliwa na mchawi akalime usiku mashambani. Wala ufanano huo si ajabu. Neno zombi lilitoka Haiti, na wataalamu wengi wa lugha huliunganisha na Kikongo, ambamo *nzambi* ni Mungu au roho. Lilivuka bahari pamoja na watu waliotekwa. Kwa mtumwa wa mashamba ya miwa, cha kutisha hakikuwa kuliwa na maiti. Kilikuwa kufanyishwa kazi hata baada ya kufa.

Kisasi kinachoridhisha kuliko vyote kimo katika filamu ya Jorge Grau, *No profanar el sueño de los muertos* ya 1974, ya Kihispania na Kiitaliano, yenye kisa kilichowekwa Uingereza. Mashine ya kuua wadudu kwa mionzi inaamsha maiti. Kijana mwenye nywele ndefu anaielewa hatari, lakini inspekta wa polisi, aliyeigizwa na Arthur Kennedy, anamchukia kwa nywele na mavazi yake na hataki kumsikiliza. Mwishowe anampiga risasi. Kisha anarudi hotelini, amejipongeza, na anayemngoja chumbani ni kijana yuleyule, safari hii akiwa maiti. Grau hakuongeza maneno. Aliyenyimwa nafasi ya kusikilizwa akiwa hai hakuja kujieleza.

Ossorio, katika filamu yake ya kwanza, aliwapa Watemplari kitu kikubwa kuliko mtu mmoja. Betty, mwanamke wa mwisho aliyesalia, anakimbilia ile njia ya reli, na treni inasimama kumpakia. Wafu wanapanda nyuma yake. Behewa kwa behewa wanawapitia abiria kwa panga, akina mama hawasazwi, na treni inaendelea na safari. Inaingia stesheni mchana kweupe, watu wakiwa wamesimama na mizigo yao wakisubiri kupanda. Kinachotoka ndani ya behewa kwanza ni ukelele, na picha inaganda hapohapo.