Mbwa na paka nao wastahili kupimwa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Methali hiyo yamhusu binadamu, aliye na ulimi wa kusema lakini akachagua kunyamaza. Je, tuseme nini juu ya mnyama asiye na ulimi huo, ambaye kwa maumbile yake huficha udhaifu wake hadi siku ya mwisho?

Swali hili limenikera tangu tulipompoteza Popi, mbwa jike aliyelilinda boma letu kwa miaka minane. Wiki chache baada ya joto lake kwisha, tumbo lilianza kufura. Watoto walishangilia, na majirani wakaanza kuagiza vilebu. Mimi, mwalimu mzima, nikamwongezea maziwa. Alipoanza kunywa maji kupita kiasi, kutapika na kususia chakula, nilidhani ni uchovu wa mimba tu.

Siku ya sita nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alimnyoa manyoya ya tumboni, akampaka jeli, kisha akapitisha kifaa kidogo juu ya ngozi. Kwenye skrini hapakuwa na kilebu hata kimoja. Palikuwa na mirija minene, myeusi, iliyojaa majimaji. "Mwalimu, huu si uja uzito," aliniambia kwa upole. "Mfuko wa uzazi umejaa usaha." Alasiri hiyo hiyo alimpasua, lakini sumu ilikuwa imekwisha kuenea mwilini. Popi hakuliona jua la asubuhi.

Kifaa kilichofichua siri hiyo ni ultrasaundi, ile ile wanayopimwa akina mama waja wazito. Msingi wake ni somo la mwangwi tunalolifundisha darasani. Mnamo mwaka wa 1880, ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zinapobanwa. Baadaye ilidhihirika kwamba fuwele hizo zikipewa umeme hutetema. Mnamo mwaka wa 1958, daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za matumbo ya wagonjwa zilizopatikana kwa mawimbi ya sauti, na tiba ikapata jicho jipya.

Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na la mbwa hufikia takriban 45,000. Kifaa hiki hutumia mamilioni, hivyo hata mbwa mwenyewe hasikii kitu. Sauti hupenya nyama laini kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde, na kila inapokutana na kiungo tofauti, sehemu yake hurudi. Mwangwi kutoka kina cha sentimita 10 hurejea baada ya takriban sekunde 0.00013. Kompyuta hupima muda huo na kuchora picha. Majimaji huonekana meusi, kwa kuwa hayarudishi mwangwi. Hewa nayo huizuia sauti. Ndiyo sababu ya kunyoa manyoya na kupaka jeli.

Faida zake ni nyingi. Mbwa mzee aweza kuwa na uvimbe kwenye wengu unaovuja damu ndani kwa ndani, ilhali kwa nje aonekana mchovu tu. Paka aweza kuwa na moyo ambao misuli yake imenenepa, asionyeshe dalili yoyote hadi damu iliyoganda izibe mshipa, naye aanze ghafla kuburura miguu ya nyuma huku akilia. Picha ya eksirei huonyesha umbo la moyo kwa nje, lakini ultrasaundi huonyesha unene wa kuta zake na vali zikifunguka na kujifunga. Mawe ya kibofu, figo zilizoharibika na utumbo uliojikunja ndani yake wenyewe, yote hayo huweza kuonekana bila kisu.

Hata hivyo, tusikifanye kifaa hiki mganga wa miujiza. Chaweza kuonyesha uvimbe, lakini aghalabu hakiwezi kuthibitisha peke yake kama ni saratani. Sharti kipande kidogo kichukuliwe kwa sindano na kuchunguzwa katika maabara. Isitoshe, picha bila mjuzi ni sawa na kitabu mikononi mwa asiyejua kusoma.

Najua wako watakaoniuliza: ya nini kuhangaikia mbwa ilhali wako binadamu wanaokosa kipimo hicho hicho? Hoja hiyo ni nzito, wala siipuuzi. Lakini daktari aliyebobea katika kulisoma tumbo la mbwa ataweza pia kumpima ng'ombe wa maziwa na mbuzi wa mkulima. Tena, sidai kwamba kila boma ligharimie picha. Nadai kwamba anayefuga awe na macho. Mbwa jike asiyekusudiwa kuzaa na afungwe kizazi mapema. Maradhi yaliyomwua Popi yataepukwa, nasi tutapunguza vilebu wanaotupwa majalalani. Akibadili ulaji, unywaji au mwendo wake, tuulize siku hiyo hiyo.

Nanyi walimu wenzangu, mnapofundisha mwangwi, msiishie kwenye kelele za bondeni. Waambieni wanafunzi kwamba mwangwi huokoa uhai, na kwamba udaktari wa mifugo ni taaluma inayowahitaji.

Watoto wangu bado huniuliza kwa nini tulingoja siku sita. Sina jibu la kuwapa, ila hili nililoandika hapa.