Kujalidi Upya Miswada Mikongwe ya Pwani: Jalada kama Ushahidi

Makala haya yanahusu hatua moja tu katika uhifadhi wa miswada ya pwani iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, nayo ni kukifumua kitabu kilichochakaa na kukijalidi upya kwa mkono. Hatua hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya fundi. Kwa maoni yetu ni uamuzi wa kitaaluma, kwani ikikosewa haitenguki.

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne ya 18 na 19 kwa unakili wa misahafu na kazi za ngozi. Katika jadi ya ujalidi wa Kiislamu, mgongo wa kitabu huwa bapa, magamba hulingana sawasawa na kingo za karatasi, na ulimi wa ngozi hukunjwa kukinga ukingo wa mbele. Mafungu ya karatasi hushonwa kwa uzi mwembamba, mara nyingi katika vituo viwili tu. Fundi aliyefunzwa ujalidi wa Kizungu huyaona hayo kuwa upungufu. Basi huongeza matundu, huviringa mgongo, huutupa ulimi na, baya zaidi, hupunguza kingo kwa kisu. Pambizo zinazokatwa ndizo huwa na maandishi ya wakfu, majina ya wamiliki na masahihisho ya wasomaji.

Kabla uzi haujakatwa, kila fungu lihesabiwe na kupigwa picha. Neno la kiungo chini ya ukurasa wa kulia lilinganishwe na neno linaloanza ukurasa wa kushoto; likihitilafiana, huenda karatasi imepotea au imehamishwa. Palipochanika hutiwa kiraka cha karatasi nyembamba ya Kijapani kwa uji wa wanga wa ngano, ambao baadaye waweza kulainishwa na kubanduliwa. (Utepe wa plastiki, unaopendwa mno maofisini, hugeuka manjano na gundi yake hupenya karatasi.) Hata uji huo una hatari zake: wino wa masizi huweza kuchuruzika, na wino wa chuma na tanini, ukiloweshwa, husambaza chembe za chuma zinazoila karatasi. Kwa hiyo wino hupimwa kwanza, na uji hupakwa kwa uchache. Sindano ipite katika matundu ya awali.

Kwa watunga sera, tatizo liko katika mikataba inayolipa kwa idadi ya majalada yaliyokamilika, kwani humtuza mwenye haraka. Mkataba udai taarifa ya hali ya kitabu kabla na baada ya kazi, na jalada kuukuu, hata likiwa vipande, lirejeshwe pamoja nacho. Aghalabu sanduku la kadi isiyo na asidi latosha, na uzi wa kale ukaachwa mahali pake.