Padeli: Mchezo Uliozaliwa Katika Uwanja Mdogo

Kama unaye ndugu anayefanya kazi Muscat, Dubai au Doha, huenda umekwisha kusikia habari za padeli. Viwanja vyake vimejengwa pia Nairobi na Dar es Salaam. Tunaueleza mchezo huu kwa sababu namna ulivyoenea inatufundisha jambo muhimu juu ya afya ya watu wazima.

ASILI YAKE

Padeli ilianza mwaka 1969 mjini Acapulco, nchini Mexico. Bwana Enrique Corcuera alitaka uwanja wa tenisi nyumbani kwake, lakini nafasi haikutosha. Akatengeneza uwanja mdogo na kuuwekea kuta ili mipira isipotelee nje. Rafiki yake, Alfonso wa Hohenlohe, aliupenda mchezo huo, akajenga viwanja viwili Marbella, Hispania, mwaka 1974. Mwaka uliofuata Julio Menditeguy aliupeleka Argentina.

Shirikisho la kimataifa liliundwa mwaka 1991. Kwa muda mrefu mchezo ulistawi hasa Hispania na Argentina, kisha ukaingia Italia, Uswidi na nchi za Ghuba. Mashindano ya dunia yalifanyika Doha mwaka 2021, Dubai mwaka 2022, na Doha tena mwaka 2024.

UNAVYOCHEZWA

Uwanja una urefu wa meta 20 na upana wa meta 10, na umezungukwa na kuta za vioo na nyavu za chuma. Wavu wa katikati una kimo cha sentimeta 88. Wachezaji ni wanne, wawili kila upande. Kibao cha kupigia hakina nyuzi bali kina matundu. Anayeanzisha huudundisha mpira, kisha huupiga usawa wa kiuno au chini yake. Mpira ukidunda chini mara moja halafu ukagonga ukuta, mchezo unaendelea.

Hapo ndipo ilipo siri ya kupendwa kwake. Ukuta humrudishia mpira hata yule asiye na mbio wala nguvu nyingi. Mama wa miaka 50 anaweza kucheza na kijana siku ya kwanza, na wote wakafurahi. Tena, kwa kuwa lazima wawe wanne, mmoja asipotokea wenzake humfuata nyumbani. Mazoezi yanayodumu ni yale yenye furaha na wenzi.

SISI TUFANYEJE?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani walau dakika 150 kwa juma, na mtoto dakika 60 kila siku. Mazoezi husaidia kuzuia shinikizo la damu, kisukari na unene. Mkulima anayelima kila siku tayari anayapata. Lakini mwenye duka, fundi cherehani, mwalimu na dereva hukaa kutwa nzima.

Wengi wetu hapa Usagara hatutalipia uwanja wa vioo. Hata hivyo, ukuta usio na madirisha, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, vibao vya mbao na mpira mmoja vyatosha kwa watu wanne. Rede na netiboli nazo si za watoto peke yao.

TAHADHARI

1. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, apimwe kwanza.

2. Anza kwa kutembea na kunyoosha viungo dakika 5 hadi 10. Vaa viatu visivyoteleza. Kandambili huvunja miguu.

3. Kifundo kikiteguka, pumzika, weka kitambaa cha maji baridi, funga bandeji na uinue mguu. Usikande kwa maji ya moto wala kuuvuta siku mbili za mwanzo, maana uvimbe huzidi. Ukishindwa kukanyaga, nenda hospitali.

4. Mpira ukigonga jicho, usilifikiche wala kulitia dawa yoyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

5. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, acha mara moja, utafute matibabu.

Basi, chagueni ndani ya familia mchezo mmoja na siku tatu za juma za kuucheza. Wazazi nao waingie uwanjani, wasiwe watazamaji tu.