Kutafsiri Maneno ya Nyimbo: Mafunzo Kutoka Kiitalia na Kirusi

Mwalimu anayetaka kufundisha wimbo wa kigeni kwa Kiswahili aghalabu huanza na kamusi. Hutafuta maana ya kila neno, huyapanga maneno chini ya noti, kisha huwaimbisha watoto. Matokeo yake tumeyasikia wakati wa mazoezi ya kufundisha: watoto wanaimba “mamá” na “shulé”, mkazo umeangukia silabi ya mwisho, na wimbo hauingii masikioni. Kosa hilo si la watoto. Ili tulielewe vema, na tutazame kazi iliyofanywa kwa makini kwa muda mrefu, yaani kutafsiri nyimbo za Kiitalia kwa Kirusi.

Opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, ilianza Italia mwishoni mwa karne ya 16, nayo ikafika Urusi katika karne ya 18. Mwaka 1736 opera ya Francesco Araja ilionyeshwa St Petersburg, na maneno yake yakatafsiriwa kwa Kirusi na mshairi Trediakovsky. Tafsiri hiyo ilikuwa ya kusomwa. Tafsiri ya kuimbwa ni kazi nyingine. Mwaka 1875 mtunzi Pyotr Tchaikovsky, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu katika Chuo cha Muziki cha Moscow, alitafsiri maneno ya Kiitalia ya Lorenzo Da Ponte katika Le nozze di Figaro, opera ya Mozart ya mwaka 1786. Alifanya hivyo ili wanafunzi wa chuo waiimbe kwa lugha yao.

Je, ugumu wa kazi hiyo uko wapi? Tunaweza kuugawa katika mambo matatu.

(a) Mkazo. Maneno mengi ya Kiitalia, kama ya Kiswahili, hutiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kirusi mkazo waweza kukaa popote, nao hubadili maana: zámok ni ngome, zamók ni kufuli. Mfasiri akiliweka neno vibaya juu ya pigo zito la muziki, ngome hugeuka kufuli. Jambo hili si geni kwetu: barabára ni njia, barábara ni sawasawa.

(b) Idadi ya silabi. Neno la Kiitalia amore, yaani mapenzi, lina silabi tatu na mkazo uko katikati. Kirusi husema lyubóv: silabi mbili, mkazo mwishoni. Tuseme muziki una noti tatu: nyepesi, nzito, nyepesi. Kirusi kitajaza mbili za kwanza, na noti ya tatu itabaki yatima.

(c) Sauti zenyewe. Maneno ya Kiitalia kwa kawaida huishia kwa irabu, na mwimbaji huweza kuivuta irabu apendavyo. Maneno mengi ya Kirusi huishia kwa konsonanti: usiku ni notte kwa Kiitalia, bali kwa Kirusi ni noch, silabi moja tu. Kwa hiyo noti ndefu ya juu haina budi kupewa silabi yenye irabu iliyo wazi, hasa a au o.

Wafasiri wamepata njia kadhaa za kutatua matatizo hayo. Kwanza, huchagua maneno yanayolingana kwa umbo. Moyo ni cuore na sérdtse. Bahari ni mare na móre. Yote yana silabi mbili, na mkazo uko katika ya kwanza. Pili, huangalia mahali neno lilipo. Washairi wa Kiitalia hukata amore kuwa amor mwishoni mwa ubeti. Hapo lyubóv hukaa bila taabu. Tatu, kwa kuwa miisho ya maneno ya Kirusi huonyesha kazi ya kila neno katika sentensi, mfasiri huweza kuhamisha neno hadi kwenye pigo linalolifaa. Nne, katika sehemu zinazoimbwa kama mazungumzo, noti moja huweza kugawanywa mbili. Katika wimbo wenye lahani maarufu ruhusa hiyo ni ndogo mno.

Hata hivyo, kuna hasara: pengine maana kamili huachwa ili mkazo uokolewe. Wakati wa Usovieti opera za Kiitalia ziliimbwa kwa kawaida kwa Kirusi. Tangu miaka ya 1990 majumba makubwa yamezidi kuimba kwa Kiitalia, na tafsiri huonyeshwa kwa maandishi juu ya jukwaa. Mtoto wa darasa la pili hana maandishi hayo. Yeye hujifunza lugha kwa kile anachokiimba, na mkazo mbaya alioukariri kwa furaha huondoka kwa shida.

Kwa hiyo tunashauri mwalimu afuate hatua hizi:

1. Aimbe lahani bila maneno, akipiga makofi kwenye mapigo mazito.
2. Aandike wazo la kila mstari kwa sentensi moja nyepesi.
3. Atafute maneno ambayo silabi zake zenye mkazo zitaangukia makofi hayo.
4. Ausome mstari kwa sauti kama mazungumzo, kisha auimbe. Mikazo ikitofautiana, abadilishe maneno, asiwalazimishe watoto.

Kwa kifupi, kamusi hutupa maana, bali wimbo hutudai mahali pa kuiweka.