Kompyuta Zinazobana Umeme na Kuutafuna

Mwaka 2016 kampuni ya Google ilitangaza habari iliyowafurahisha wahandisi. Programu ya akili bandia ya DeepMind ilipopewa kazi ya kuongoza upoozaji katika kituo cha data, umeme wa kupoozea ulipungua kwa hadi asilimia 40. Programu hiyo ilisoma vipimo vya joto na mwendo wa pampu, ikakadiria joto la saa inayofuata, ikaelekeza mitambo iendeshwe vipi.

Hapo TEHAMA inastahili sifa. Lakini hesabu ya jengo moja si hesabu ya eneo zima.

Tazama Ireland. Hali yake ya hewa ni ya baridi, kodi ya makampuni ni nafuu, na vituo vya data vimejazana kandokando ya Dublin. Mwaka 2015 vilitumia asilimia 5 ya umeme wote uliopimwa kwa mita nchini humo. Kufikia 2023 vilitumia asilimia 21, vikazipita nyumba zote za mijini, ambazo kwa jumla zilitumia asilimia 18. Si kwamba mitambo hiyo ni mibovu, la hasha! Kila seva inafanya kazi kubwa kwa umeme kidogo kuliko zamani. Kilichozidi ni wingi wake, hata msimamizi wa gridi, EirGrid, akalazimika kubana maunganisho mapya ya vituo hivyo jijini Dublin.

Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliliona jambo hilo mwaka 1865: injini za mvuke zilipojifunza kubana makaa ya mawe, viwanda vikaongezeka na makaa yakazidi kuchomwa.

Hata hivyo, Ireland haikukunja mikono. Huko Tallaght, nje kidogo ya Dublin, joto linalotoka kwenye kituo cha data cha Amazon huongezwa kwa pampu za joto, kisha hupelekwa kwa mabomba kupasha ofisi za halmashauri na chuo kikuu jirani. Joto lililokuwa likipotea hewani sasa lina kazi.

Kwetu suala hili halipo mbali. Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, Kenya, kitakachotumia nishati ya jotoardhi. Nishati hiyo ni safi, sawa. Wanaotia saini mikataba ya aina hii wadai takwimu mbili: ufanisi wa mitambo, na sehemu ya umeme wa taifa itakayomezwa. Ya kwanza peke yake haitoshi.